Ukurasa Uliomketisha Bi Mkubwa

Bi Mkubwa husoma ukurasa wa kwanza akiwa amesimama. Ukimpendeza, ataketi asome wa pili. Usipompendeza, atakurudishia mswada wako hapo hapo aliposimama, nawe utateremka zile ngazi kumi na saba ukiwa umeukumbatia kifuani kama mtu aliyetoka kupewa habari za msiba.

Ndiyo sheria ya kiwanda chake cha vitabu, na kila anayeandika katika mji wetu anaijua. Anaijua na ile nyingine: mwandishi hupewa nafasi tatu. Zikiisha, hata barua yako haifunguliwi.

Mimi nilikuwa nimebakiwa na moja.

Kulikuwa na jambo jingine walilolisema mafundi wa kujalidi vitabu kule chini karakanani, kwa sauti za kuibia. Walisema Bi Mkubwa hajaketi kwa ajili ya mtu yeyote tangu bintiye afariki. Miaka sita. Miaka sita kiwanda kizima kinaishi kwa kalenda, madaftari ya shule na vitabu vya zamani vinavyochapwa upya, na mtambo wa pili umefunikwa turubai pembeni, hakuna anayeugusa.

Jumatano ile nilifika saa tisa na nusu, nusu saa kabla ya miadi. Kimya alikuwa akinisubiri chini ya ngazi, kalamu nyekundu sikioni, mikono imejaa vumbi la karatasi.

Kimya ni mtoto wa Bi Mkubwa. Watu walimpa jina hilo kwa sababu anaweza kupanga kurasa kutwa nzima bila kutoa neno zaidi ya "nipe rula." Mimi ananiita Wino. Siku tuliyoonana mara ya kwanza, kwenye duka la kutoa kopi ninakofanya kazi, nilikuwa nabadilisha wino wa mashine na uso wangu ulikuwa na madoa kuanzia kwenye paji hadi kidevuni. Nilijifuta harakaharaka alipoingia. Hakucheka. Alinitazama mpaka nikasahau bei ya kopi moja, kisha akatoa leso yake na kusema, "Sikio la kushoto umelisahau."

Tangu siku hiyo sikio langu la kushoto ni mali yake.

"Umekula?" aliniuliza sasa.

"Nitakulaje?"

"Hata mimi sijala."

"Wewe unaogopa nini? Anayesomwa ni mimi."

"Tunasomwa wote wawili, Wino. Unajua hivyo."

Nilijua. Tulikuwa tumepatana: mama yake akiketi, Kimya angesema palepale, mbele yangu: "Huyu ndiye ninayetaka kumwoa." Mwandishi wa nyumba ile mama yake asingemkataa. Lakini binti wa duka la kopi, huyo mama yake alikwisha kumkataa. Siku aliposikia habari zetu alimwuliza mwanawe swali moja tu: "Yule anayenukia mashine?" Kisha akaendelea kumenya chungwa lake.

Kwetu nako hakukuwa shwari. Shangazi yangu aliyenilea ni fundi cherehani, na ulimi wake una ncha kama sindano zake.

"Kijana mwenyewe mzuri," alisema asubuhi ile, pini tatu mdomoni. "Ana adabu, ana meno yote. Lakini ni mtoto wa mama. Ukiolewa na mtoto wa mama umeolewa na mama, na siku mkigombana hutakuwa hata na mume wa kumshitakia."

"Shangazi, nakwenda kusomewa, siendi kuolewa."

"Ni mlango huo huo." Akazitoa pini mdomoni moja moja, na alipozimaliza uso wake haukuwa wa mzaha tena. "Yule binti yao nilimshonea mimi, tangu akiwa shule. Gauni la mwisho lilikuwa la njano. Aliniomba niweke mifuko miwili, maana kalamu zake hakujua pa kuziweka. Mwezi haujaisha tukaambiwa amekufa. Kafia safarini, kazikwa huko huko, poleni, rudini kazini. Mimi nimelia kwenye misiba mingi, mwanangu. Ule ulikuwa na haraka ya mtu anayefunga duka."

Nilimbusu shavuni nikaondoka. Sikumwambia kwamba nilijua kwa nini.

Niseme ukweli kuhusu nafasi zangu mbili za kwanza. Nina stashahada ya lugha, niliipata kwa alama nzuri, na nikaenda mbele ya Bi Mkubwa na mwanzo uliooga ukapakwa manukato. Jua lilikuwa likichomoza taratibu. Ndege walikuwa wakiimba. Bi Mkubwa alisoma mistari minne kwa sauti, kama anavyosoma siku zote, akaikunja karatasi.

"Jua huchomoza kila siku, binti. Sijawahi kununua kitabu kwa sababu hiyo."

Mara ya pili nikaanza na ukoo wa msichana wa hadithi yangu: babu, bibi, nani kamzaa nani, nyumba ilivyojengwa. Safari hii alifika katikati ya ukurasa, nikaanza kuutazama mguu wake na ule mguu wa kiti.

"Umenikaribisha sebuleni," alisema, "umenionyesha picha za watu wote waliotundikwa ukutani, na chai hakuna. Nenda."

Jumamosi iliyofuata Kimya alinikuta nyuma ya duka nimekalia rimu za karatasi, nalia. Mvua ilikuwa ikinyesha, hapakuwa na mteja. Aliketi karibu yangu, bega kwa bega, akachukua mswada akaanza kuufunua.

"Tatizo lako unaanza mbali," alisema. "Unazunguka nyumba, unaogopa mlango. Hapa, ukurasa wa arubaini na moja, hapa ndipo unaposema jambo. Kwa nini msomaji asubiri kurasa arubaini?"

"Kwa sababu hapo panauma."

"Basi anzia hapo. Anzia panapokuuma."

Nikafuta macho. "Wewe kwako panauma wapi?"

Nilimwuliza kwa utani. Nilidhani atasema sikio la kushoto. Niligeuka kumtazama, na macho yake hayakuwa yananitazama mimi. Yalikuwa yanaitazama mvua.

"Kila Jumamosi asubuhi," alisema, "mama hupiga pasi gauni la dada. La njano. Akimaliza hulitundika kabatini. Jumamosi inayofuata hulitoa tena, halina hata mkunjo mmoja, analipiga pasi. Leo pia nimemwacha akilipiga."

"Ni huzuni, Kimya. Mtu akifiwa…"

"Hajafiwa."

Alilisema kwa sauti ile ile anayotumia kusema nukta imeachwa mwisho wa mstari.

"Dada hajafa, Wino. Alimpenda fundi wa mtambo wa pili. Mama akamwambia achague, naye akachagua. Waliondoka Jumamosi. Jumatatu mama akashuka karakanani amevaa nguo nyeusi, akawaambia wafanyakazi kwamba bintiye amefia safarini. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilisimama ubavuni mwake nikapokea pole. Watu wazima walinikumbatia wakilia, nami nikalia nao." Alivuta pumzi. "Anaandika. Kila baada ya miezi miwili, mitatu, inakuja barua yenye mwandiko wake. Mimi ndiye ninayepokea posta. Nampelekea mama, anaitia kwenye droo bila kuifungua. Sijawahi hata kuomba nisome moja."

Mvua ilipiga bati.

"Hili likae hapa hapa," akasema.

Sikujibu. Nilimshika mkono tu. Yeye, mtu aliyeishi maisha yake yote ndani ya kunyamaza, akachukulia kunyamaza kwangu kuwa ni ndiyo. Nami nilijua amechukulia hivyo, nikamwacha.

Jumapili niliketi na karatasi tupu. Jumatatu, baada ya kazi, sentensi ya kwanza ilikuja yenyewe, ikakaa. Ya pili ikaifuata. Nilipomaliza ukurasa niliusoma mara moja tu, nikaugeuza kifudifudi mezani kama kitu kinachoweza kunitazama.

Sasa tulikuwa chini ya ngazi, saa kumi kasoro dakika tano.

"Umeanzia wapi safari hii?" Kimya aliniuliza.

"Pale uliponiambia nianzie."

Alitabasamu. Ni mtu wa kutabasamu mara chache, na akitabasamu hufunga jicho moja kidogo, kama anayepima mstari. Nilitaka kumwambia yote palepale. Wallahi nilitaka. Lakini mtambo wa kwanza ulikuwa ukinguruma, naye alikwisha kugeuka kupanda.

"Basi ataketi," alisema bila kugeuka.

Tulipofika ngazi ya kumi umeme ulikatika. Mtambo ulikoroma mara mbili, ukazimika, na kiwanda kizima kikawa kimya hata nikasikia viatu vyangu. Huko juu mlango ulikuwa wazi.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba. Leta."

Chumba chake hakina mapambo. Meza moja, kabati la vioo lenye vitabu kumi na moja alivyowahi kuviketia, dirisha, kiti. Meza ina droo yenye kufuli dogo la shaba. Mara mbili nilizokuja kabla sikuliona lile kufuli. Leo sikuona kingine.

Alivaa miwani, akasogea dirishani penye mwanga, akaushika ukurasa kwa mikono miwili. Kimya alisimama mlangoni. Alinikonyeza. Mungu anisamehe, nami nilimkonyeza.

Bi Mkubwa akasoma kwa sauti yake ya kawaida, sauti ya mtu anayesoma bei za bidhaa.

"'Kila Jumamosi mama hupiga pasi gauni la njano la binti ambaye yeye mwenyewe aliwatangazia watu kuwa amekufa. Hulipiga pasi hata kama halina mkunjo. Waliokufa hawarudi, lakini huyu anaweza kurudi, na akirudi…'"

Hapo sauti ikaisha. Midomo iliendelea kwenda, lakini hakikutoka kitu.

Mkono wake wa kushoto ulitoka kwenye karatasi ukaanza kutafuta nyuma yake, ukapapasa hewa, ukapapasa ukuta, ukakipata kiti. Bi Mkubwa akaketi.

Ndoto ngapi nilikuwa nimeota kuhusu dakika ile! Ndotoni Kimya alinikimbilia. Hapa hakukimbia. Niligeuka nikamwona ameegemea kizingiti cha mlango, rangi imemtoka, ananitazama kama mtu aliyenikuta nimevaa nguo zake.

"Wino," alisema. "Umefanya nini?"

Bi Mkubwa aliusoma ukurasa mpaka mwisho, moyoni. Kisha akauweka mezani na kuanza kuulainisha kwa kiganja, kutoka katikati kwenda pembeni, kutoka katikati kwenda pembeni. Ukurasa haukuwa na mkunjo.

"Ukurasa mzuri," alisema.

"Miaka thelathini nasoma mianzo. Wengi wenu mnabisha hodi mpaka mwenye nyumba analala. Wewe umeingia na kuketi kitandani kwangu." Kiganja kilikuwa bado kinapita juu ya karatasi. "Nimeketi. Sheria ni sheria, kitabu chako kitachapwa. Nitaufunua ule mtambo wa pili kwa ajili yake. Na huyu," alimwonyesha mwanawe kwa kidevu bila kumtazama, "najua mlivyopanga. Nyinyi mnadhani nikivaa miwani sioni. Nitakwenda mwenyewe kwa shangazi yako, kwa miguu yangu, nimwombe akupe ruhusa."

Mtu mkali akianza kugawa zawadi, tafuta mlango uko wapi.

"Kwa sharti gani, Bi Mkubwa?"

"Una akili." Akavua miwani. "Utaniomba radhi. Sasa hivi, mbele yake. Utasema umetunga, kwamba binti yangu alikufa, Mungu amrehemu, na wewe kwa tamaa ya kitabu ukamfufua. Kisha utabadili mstari mmoja tu. Gauni liwe la marehemu. Mama anapiga pasi gauni la marehemu. Bado utakuwa mwanzo mzuri. Watu watalia."

"Watalia," nilisema. "Nawe utapokea pole mara ya pili."

"Wino!" Kimya alikwisha kuja karibu. Alinishika kiwiko, na hata katika hali ile mwili wangu ulimsogelea wenyewe, mpumbavu huu. "Sema tu. Nakuomba. Ni maneno tu."

"Maneno tu? Wewe unayeweza kukaa saa nzima kwa ajili ya herufi moja iliyopinda?"

"Nilikwambia likae pale pale."

"Uliniambia."

"Nilikuamini."

"Uliniamini."

"Basi huoni hata aibu?" Sauti yake ilipasuka, na sikuwahi kuisikia ikipasuka.

"Nimeiona. Niliiona nikiwa naandika, nikaendelea kuandika." Nilimgeukia, nikamtazama machoni, kwa sababu angalau hilo lilikuwa haki yake. "Siku ile ya mvua hukuniambia siri, Kimya. Uliniambia una miaka ishirini na tano na bado umesimama ubavuni mwa mtu unapokea pole. Nani alikuwa akutoe hapo?"

"Mwache mwanangu," alisema Bi Mkubwa.

Hakupaza sauti. Aliinuka, akaenda dirishani, akalifunga, ingawa hakukuwa na upepo.

"Nisikilize, binti. Yule wa kwanza nilimpa nafasi ya kuchagua. Unajua alichochagua na unajua nilichofanya. Watu wanadhani mtu hushindwa kuzika bila maiti. Haishindikani. Ukishuka ngazi zile bila kuomba radhi, kesho asubuhi hakuna mchapaji hata mmoja atakayepokea mswada wako; wote nimewafunza kazi mimi. Na huyu akikufuata…" Kwa mara ya kwanza alimtazama Kimya, na nikaona jambo lililonitisha kuliko vitisho vyake: alimtazama kwa mapenzi, mapenzi mengi, yasiyo na pa kwenda. "Akikufuata, zile nguo nyeusi bado ninazo. Zinanitosha."

Huko chini mtu alicheka, fundi mmoja akimtania mwenzake gizani, kicheko cha watu wasiojua kitu.

Kimya alipeleka mkono sikioni. Akaitoa ile kalamu nyekundu, akaifungua, akaninyooshea.

"Mstari mmoja," alinong'ona. "Ukate. Kisha tunashuka, wewe na mimi, na yote yamekwisha. Nitakaa nawe maisha yangu yote, Wino. Mstari mmoja."

Alimaanisha. Hilo ndilo lililonikata. Nilikuwa na kitabu mezani, mume mbele yangu na kalamu mkononi mwake, na kilichotakiwa ni mwanamke mmoja, huko aliko, afe tena. Mwanamke ninayejua tu kwamba alipenda mifuko. Anayeandika barua kila baada ya miezi miwili, mitatu, kwa droo.

Niliwaza, nikikata mstari huu leo, mimi nitawekwa droo ipi siku nitakapomwudhi?

Niliipokea kalamu. Bi Mkubwa akashusha pumzi, akausogeza ukurasa upande wangu, akaulainisha mara moja ya mwisho.

"Nasubiri," alisema.

Nikaifunika kalamu. Nikanyoosha mkono, nikairudisha nyuma ya sikio la Kimya, taratibu, nikazisawazisha nywele zake pale ilipozivuruga. Alifumba macho. Nilijua pengine hii ndiyo mara ya mwisho ninamgusa, kwa hiyo sikuharakisha.

Kisha nikamgeukia mama yake.

"Ukurasa huo baki nao, Bi Mkubwa, mimi ninao kichwani. Gauni ni la njano. Lina mifuko miwili, shangazi yangu ndiye aliyeishona. Na mwenyewe yuko hai."

"Nimesema niombe radhi."

"Nimekusikia," nikasema. "Siombi."